Kislovakia kiliingiaje kwenye gemu?

Msomaji wetu kijana wa Morogoro, anayeanza kazi ya kufasiri, ameandika hivi: "Shikamoo mwalimu. Nimesoma kwamba Waslovakia walikuwa na gemu za kompyuta kwa lugha yao tangu miaka ya 1980, ilhali wenyewe hawazidi sana milioni tano. Nani aliwatafsiria? Na kwa nini leo wengi wao wanacheza kwa Kicheki au Kiingereza? Nauliza kwa sababu natamani kutunga gemu ya maandishi kwa Kiswahili na sijui nianzie wapi."

Marahaba, mwanangu. Umeuliza mambo matatu, nami nitayafuata kwa mpangilio wako, ingawa lile la mwisho ndilo lililonikalisha macho usiku.

Nianze kwa kulisahihisha neno moja. Gemu za kwanza za Kislovakia hazikuwa tafsiri. Zilitungwa moja kwa moja katika lugha hiyo na vijana wa sekondari, majumbani mwao, bila kampuni wala mshahara. Kilichotafsiriwa mwanzoni ni karatasi za maelezo, na ili uone kwa nini, inabidi tuirudie Chekoslovakia ya wakati ule, ambako Wacheki na Waslovakia waliishi katika nchi moja chini ya Chama cha Kikomunisti.

Duka la gemu halikuwapo. ZX Spectrum, kompyuta ndogo ya Kiingereza iliyotoka mwaka 1982, iliingia ndani ya mabegi ya wasafiri. Baadaye viwanda vya Slovakia vikatoa mashine zake: Tesla ya Piešťany ilitoa PMD 85 mwaka 1985, na Didaktik ya mji wa Skalica ikatoa Didaktik Gama mwaka 1987, ambayo iliweza kuendesha programu za Spectrum. Gemu zenyewe zilisafiri kwa kaseti za kawaida za muziki. Unarekodi, unampa rafiki, naye anamrekodia mwingine. Mahali pa kukutania palikuwa vilabu vya Zväzarm, chama cha kushirikiana na jeshi, ambacho tangu zamani kilikuwa kikiwalea vijana wa redio na ndege za mfano, kisha kikawapokea na hawa wa kompyuta.

Sasa fikiria kijana wa Bratislava aliyepata kaseti ya gemu ya Kiingereza. Lugha ya kigeni ya lazima shuleni kwake ni Kirusi. Kijitabu cha maelekezo hakipo, maana kaseti ni nakala ya nakala. Kwenye skrini maneno hayasomeki kwake. Ndipo wanachama waliojua Kiingereza walipokaa kwenye taipureta wakaandika maelezo: kitufe hiki kinaruka, hiki kinapiga risasi, lengo la gemu ni hili. Karatasi hizo zikapita mkono kwa mkono pamoja na kaseti. Kwa mtu wa fani yetu hiyo ndiyo tafsiri ya mwanzo kabisa ya gemu kwa watu wale, na naiheshimu sana, kwa sababu iliwalenga wasomaji waliokuwa na kiu ya kweli.

Kuigusa gemu yenyewe lilikuwa jambo jingine. Maneno ya gemu yamekaa kwenye kumbukumbu ya mashine kama mizigo iliyopangwa kwenye rafu isiyo na nafasi ya ziada. Ukitaka kubadilisha neno bila kuivunja programu, neno jipya lisizidi urefu wa lile la zamani. Hebu chukua maneno ambayo kila mchezaji duniani anayajua: GAME OVER. Hesabu, pamoja na nafasi ya katikati: tisa. Kicheki husema KONEC HRY, nayo ni tisa, inaingia kama kidole kwenye pete. Kislovakia husema KONIEC HRY. Ni kumi. Herufi moja tu, ile I, inakutupa nje. LIVES ni herufi tano, na ŽIVOTY, yaani uhai ulionao, ni sita. Mtu akifungua programu ya namna hiyo anakuwa na njia mbili: akate neno lisomeke vibaya, au aivunjevunje programu na kuipanga upya. Kutunga gemu mpya kabisa kulikuwa rahisi kuliko hiyo ya pili.

Kwa hiyo wakatunga. Gemu walizozitunga zaidi ni zile walizoziita textovka, gemu ya maandishi matupu. Skrini inakueleza ulipo, unachokiona na njia zilizopo, nawe unaandika amri. Haihitaji michoro wala muziki, na inaweza kuandikwa kwa BASIC, lugha ya programu iliyokuwa tayari ndani ya mashine. Prague ilitangulia: mwaka 1985 kijana František Fuka alitoa textovka ya Indiana Jones kwa Kicheki, nayo ikaenea nchi nzima. Waslovakia waliicheza bila shida, kwa sababu ambayo nitaifikia.

Bratislava ikajibu. Stanislav Hrda, naye kijana, alitunga na wenzake chini ya jina Sybilasoft, na kwa Kislovakia. Gemu yao inayokumbukwa zaidi ni Šatochin ya mwaka 1988. Wewe ni meja wa Kisovieti, jina lake limetoka kwenye filamu ya Kisovieti, na adui yako msituni ni Rambo. Karibu kila hatua isiyo sahihi inamuua meja wako, na kila kifo kimeandikiwa maelezo yake. Usiipime kwa vipimo vya leo. Tazama kilichotokea pale: kijana anayeisikia lugha yake shuleni na redioni, mara anaiona ikimjibu kutoka kwenye mashine, kwa maneno ya mitaani, kwa utani wa rika lake. Gemu hizi hazikuuzwa na shirika lolote, hivyo hazikupita mezani kwa mkaguzi yeyote. Upande wa Kicheki, mwaka 1989, ilizunguka textovka isiyo na jina la mtunzi ambamo Indiana Jones amenaswa katikati ya polisi wanaowapiga waandamanaji wa Januari mwaka huo kwenye Uwanja wa Václav, Prague. Ndivyo kaseti zilivyokuwa huru.

Sasa ngoja nikae kidogo kwenye herufi, kwa maana hapa ndipo kazi ya lugha ilipofanyika kwa mikono.

Kislovakia kina alfabeti ya herufi 46. Kina mäkčeň, kile kidude kama ndege juu ya č, š, ž. Kina dĺžeň, mkwaju juu ya á, é, í. Na kina vokáň, kofia inayokaa juu ya ô peke yake. Spectrum ilitengenezwa Uingereza na haikuzijua alama hizo. Njia ya mkato ilikuwa kuandika bila alama, na wengi walifanya hivyo. Lakini ukiondoa alama maneno yanaanza kugongana. Sud ni pipa, súd ni mahakama. Msomaji anaokolewa na muktadha, ila kila mstari unamtaka akisie, na gemu ya maandishi imejaa mistari.

Njia ya pili: Spectrum ilimruhusu mtumiaji kuchora alama zake 21, zikakaa kwenye vitufe A hadi U. Kila alama ni mraba wa nukta nane kwa nane, yaani namba nane, moja kwa kila mstari, ikiiambia mashine nukta zipi za mstari huo iziwashe. Herufi č unaweza kuiandika hivi: 20, 8, 28, 32, 32, 32, 28, 0. Mbili za mwanzo ndizo mäkčeň, nne zinazofuata na ile 28 ya mwisho ni kiwiliwili cha c, na 0 ni mstari mtupu wa chini. Herufi ndogo za Kislovakia zenye alama ni 17. Zinaingia kwenye 21 na nne zinabaki. Vizuri. Ila ukitaka na herufi kubwa zinakuwa 34, na hapo mlango umefungwa. Tena herufi kubwa za Spectrum zimejaza mraba karibu wote, juu umebaki mstari mmoja wa nukta, na katika mstari mmoja mäkčeň haiwezi kujikunja. Anayetaka zaidi ya hapo anachora fonti nzima, herufi 96, baiti 768, kisha anaielekeza mashine isome fonti hiyo badala ya ile ya kiwandani. Baiti 768 leo si kitu. Kwenye mashine ya kilobaiti 48, ambayo skrini yake peke yake inameza baiti 6,912, ni chumba kizima cha gemu unakitoa sadaka ili herufi zisomeke.

Nami nawapenda watu hawa kwa ajili hiyo. Kijana wa miaka kumi na sita anapima: niongeze pango jingine lenye hazina, au niandike lugha yangu sawasawa?

Kuna na sarufi. Jina la Kislovakia hubadilisha mkia kulingana na kazi yake kwenye sentensi. Taa ni lampa, lakini "chukua taa" ni vezmi lampu. Mashine inayongoja neno lampa itakujibu kwamba haielewi. Dawa inayojulikana kwa watunzi wa gemu za maandishi ni kuifanya mashine isome herufi chache za mwanzo tu. The Quill, programu ya Kiingereza ya mwaka 1983 ya kutungia gemu hizi, ilisoma nne. Ukisoma LAMP peke yake, lampa, lampu na lampou zote zinapita. Kitabu ni kniha, kwenye amri knihu, na KNIH inashika zote mbili. Kisha anatokea mbwa. Mbwa ni pes, lakini ukimchukua ni psa. Herufi ya pili tayari imepotea, na mtunzi analazimika kuifundisha mashine maneno mawili kwa mnyama mmoja.

Wingi nao una ngazi tatu: jeden meč ni upanga mmoja, dva meče ni mbili, na hali hiyo inaendelea hadi nne, kuanzia tano inakuwa päť mečov. Na mashine ikitaka kumwambia mchezaji "umepata", lazima ijue kama ni mwanamume, našiel si, au mwanamke, našla si. Gemu ya Kiingereza iliyoandikwa kwa kubandika namba mbele ya neno inamfikia mfasiri wa Kislovakia ikiwa na kosa ndani yake kabla hajagusa chochote. Sisi wenye ngeli tunaujua uchungu huo: kisu kimoja, visu viwili, upanga mmoja, panga mbili. Sentensi ya kubandikabandika haitutoshi hata sisi.

Swali lako la pili: ikiwa mwanzo ulikuwa hivyo, kwa nini lugha ikarudi nyuma?

Novemba 1989 utawala wa chama ukaanguka. Tarehe 1 Januari 1993 Slovakia ikawa nchi yake. Soko likafunguka, kompyuta za Spectrum zikawaachia nafasi PC, na gemu zikaanza kuingia kihalali ndani ya maboksi yao. Ungetegemea kwamba nchi huru ndiyo ingepata gemu nyingi zaidi kwa lugha yake. Ikawa kinyume, na chanzo chake ni ujirani.

Katika Chekoslovakia televisheni ilichanganya lugha hizo mbili kila siku. Msomaji mmoja wa habari alisema Kicheki, mwenzake Kislovakia, na mtangazaji wa mpira vilevile. Watoto walikua wakizielewa zote bila kufundishwa. Baada ya kutengana, Waslovakia waliendelea kutazama filamu na kusoma vitabu vya Kicheki, wakati watoto wa Kicheki hawakupata tena Kislovakia cha kutosha; ndiyo maana leo Mslovakia kijana anamwelewa Mcheki vizuri zaidi kuliko Mcheki anavyomwelewa yeye. Msambazaji wa gemu akapiga hesabu. Wacheki ni milioni kumi, Waslovakia milioni tano. Ukitafsiri kwa Kicheki unauza kwa wote kumi na tano. Ukitafsiri kwa Kislovakia pia, umelipa mara mbili kwa ajili ya wateja ambao tayari wangenunua.

Hakukuwa na hila ndani yake. Lakini madhara yake ni makubwa, na nayasema kwa masikitiko: lugha inaweza kukosa nafasi kwa sababu wasemaji wake wanaelewa nyingine vizuri mno. Sheria ya lugha ya taifa ya mwaka 1995 ilikuja kulinda maeneo mengi, na filamu za watoto wa chini ya miaka 12 zinatakiwa ziwe na sauti ya Kislovakia. Kwenye gemu, wasambazaji waliendelea kuona Kicheki kinatosha. Kizazi kizima cha Waslovakia kilijifunza msamiati wa panga, uchawi na vita vya anga kwa Kicheki, hata kikaona haya kidogo kuusikia kwa lugha ya mama.

Herufi nazo hazikuwa tatizo tena, na jambo hilo linaniuma kwa namna yake. PC zilipata mpangilio wa herufi uitwao wa Kamenický, uliobeba alama za Kicheki na za Kislovakia pamoja. Kile ambacho vijana wa Spectrum walikipigania nukta kwa nukta sasa kilikuwa bure, ila kazi ya kukitumia haikuwa na wa kuilipia.

Waliochukua mzigo ni mashabiki. Kule wachezaji wana neno lao: tafsiri unayoipakua na kuibandika juu ya gemu inaitwa čeština ikiwa ya Kicheki, na slovenčina ikiwa ya Kislovakia. Mtu anauliza, "Gemu hii ina slovenčina?" akimaanisha faili, na jina la lugha ndilo limekuwa jina la faili. Watu hawa hufanya kazi usiku baada ya ajira zao, hufungua faili za gemu, hutoa maandishi, hugawana, husahihishana, kisha hutoa bure. Ukiwatazama kwa makini ni wale wale wa taipureta za Zväzarm, isipokuwa sasa wanaweza kuigusa gemu yenyewe.

Halafu likatokea jambo ambalo sikulitarajia. Jumba la Makumbusho la Ubunifu la Slovakia, lililoko Bratislava, likaanza kuzikusanya zile textovka za kaseti kama urithi wa taifa, na kufikia mwaka 2021 likawa limetoa kundi la kwanza la gemu hizo zikiwa zimetafsiriwa kwa Kiingereza, Hrda mwenyewe akishiriki. Wafasiri wakajikuta ndani ya sanduku lile lile la kilobaiti 48, safari hii wakitokea upande wa pili. Utani wa vijana wa mwaka 1988, majina ya watu wa klabuni, bidhaa za madukani, yote yanataka maelezo, na nafasi ya maelezo haipo. Mistari ina safu 32 tu. Hiyo ni mara ya kwanza ninayoijua mimi ambapo Kislovakia kilikuwa lugha ya asili ya gemu na Kiingereza kikawa ndicho kinachohangaika kuingia.

Sasa ya kwako.

Usianze kwa kutafsiri gemu ya watu. Anza kwa kutunga, kama walivyofanya wao, maana ukitunga unapanga sentensi zako kulingana na ngeli tangu mwanzo, badala ya kuzipachika kwenye mifupa ya Kiingereza. Una nafuu moja kubwa: jina la Kiswahili halibadiliki likichukuliwa. "Taa iko mezani", "chukua taa", ni taa ile ile. Mbwa wako hatageuka psa.

Ila ile dawa ya herufi nne usiiazime. Kislovakia kinapinda mkia, kwa hiyo kukata mkia kunasaidia. Kiswahili kinapinda kichwa. Kisu na visu vinatofautiana hapo hapo mwanzoni, na mchezaji anaweza kuandika "chukua kisu", "kichukue kisu", "kichukue", au kwa adabu "nichukue kisu?". Mashine yako lazima ijue kuvua viambishi vya mbele na kuitambua e ya mwisho, ndipo ilione chukua. Hiyo ni kazi ya wiki kadhaa, na usiiruke.

Na kuna mtego unaokungoja kwenye mlango wa chumba cha kwanza. Katika textovka mchezaji haandiki majina ya pande kila mara, anaandika herufi moja. Waslovakia wana S kwa sever, kaskazini. J kwa juh, kusini. V kwa východ, mashariki. Z kwa západ, magharibi. Aliyezoea gemu za Kiingereza, ambako S ni kusini, alipotea kwa siku za mwanzo, kisha akazoea. Sisi tutafanyaje? Kaskazini na kusini zote ni K. Mashariki na magharibi zote ni M. Mawio na machweo, M tena. Hata herufi mbili hazitoshi, maana MA ni MA. Nimejaribu tatu, KAS, KUS, MAS, MAG, nazo zinatofautiana, lakini kidole cha mchezaji kitachoka haraka.

Ukiiweka hadithi yako kwenye mji wa mwambao unaweza kuachana na dira kabisa: P kwa pwani, B kwa bara, na kwa kaskazini watu wa huko wanayo kibla. Upande wa nne bado sijaupatia neno linaloniridhisha. Tunga chumba kimoja chenye milango minne, ukikaa na wazee wa huko waulize wanauitaje, kisha nitumie faili nikicheze.